Dawa Ikaayo Mwilini

Dawa nyingi tuzijuazo majumbani mwetu ni kama wageni wa siku chache. Vidonge vya malaria humezwa siku tatu vikaisha. Kidonge cha kichwa kikimezwa asubuhi, jioni hakikumbukwi tena. Kwa hiyo tumezoea kuihukumu dawa upesi, tukisema imenikubali au imenikataa, na hukumu hiyo huenea mtaa mzima kabla juma halijakwisha. Mwaka 2022 iliingia nyumbani kwetu Temeke dawa isiyohukumika kwa namna hiyo. Jina lake ni amiodaroni, na kazi yake ni kuyarudishia utaratibu mapigo ya moyo yaliyoupoteza. Naandika habari zake kwa ajili ya jamaa za wagonjwa hasa kuliko wagonjwa wenyewe, maana nimeona kwamba dawa hii haimtaki mtu mmoja aimeze tu, bali huwataka na wa nyumbani mwake wawe macho.

Aliyeandikiwa ni mke wangu. Ni fundi cherehani, mzaliwa wa Makete, na kwa miaka zaidi ya ishirini amewashonea watoto wa mtaa wetu sare za shule. Presha anayo kwa muda mrefu, na kama ilivyo desturi ya wengi, aliimezea dawa kichwa kilipomuuma na kuiacha kilipopoa. Kisha akaanza kulalamika kwamba moyo unamrukaruka kifuani “kama kuku ndani ya tenga”. Jambo hilo lilimjia ghafla, hata akiwa ameketi tu penye cherehani, likaendelea saa nzima au usiku kucha, kisha likatulia kama lilivyokuja. Akipanda ngazi tatu za barazani alihema kama aliyetoka mbio. Zahanati ya kwanza walisema ni vidonda vya tumbo. Ya pili walisema ni mawazo, wakamshauri apumzike, ushauri ambao fundi mwenye sare arobaini za kumaliza huupokea kwa kicheko. Jirani mmoja alinong’ona kwamba ni mambo ya kwao Makete na yashughulikiwe huko huko.

Hospitali kubwa tulipelekwa na binti yetu, kwa nguvu. Daktari aliyetupokea, mwanamke kijana wa umri wa kitinda mimba wetu, alituamkia wote wawili, akamshika mke wangu kifundo cha mkono, akanyamaza kimya huku akiitazama saa yake. Mwishowe akasema, “Mama, mapigo haya hayahesabiki, kwa sababu hayafuatani.” Kipimo cha umeme wa moyo kikathibitisha maneno yake siku ile ile.

Nitajaribu kueleza kama tulivyoelezwa. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Katika chumba cha juu cha upande wa kulia pana sehemu ndogo itoayo cheche ya umeme, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Cheche hiyo husambaa katika vyumba vya juu, husita kidogo kwenye kivuko kilicho katikati, ndipo hushuka kwenye vyumba vya chini ambavyo husukuma damu mwilini. Kwa mke wangu, cheche zilikuwa zikizuka kila upande na kuzunguka ovyo, hata vyumba vya juu vikawa havipigi tena bali vinapapatika, zaidi ya mara 300 kwa dakika. Kivuko cha katikati huzizuia cheche nyingi na kuziruhusu baadhi bila mpango wowote, na ndiyo sababu mapigo mkononi huwa hayafuatani. Lakini hatari yenyewe si kule kurukaruka. Damu isiyosukumwa sawasawa hutuama katika pembe za vyumba vya juu ikaganda, na bonge likichomoka likaenda hadi kwenye ubongo, mtu hupooza. Mwenye maradhi haya yumo katika hatari ya kiharusi karibu mara tano kuliko asiye nayo. Kwa hiyo mke wangu alipewa kwanza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kisha amiodaroni.

Nilimwuliza daktari kwa nini achague hii na si nyingine, maana nilikuwa nimesikia kwamba ni dawa ya kuogopwa. Akajibu kwamba presha ya miaka mingi imeutanua moyo wa mama na kuuchosha, na moyo uliochoka hauruhusiwi dawa nyingi za mapigo. Habari iliyo nyuma ya jibu hilo niliisoma baadaye, nayo haijanitoka. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Marekani waliwapa watu waliokwisha kupatwa na shambulio la moyo dawa zilizoitwa enkainidi na flekainidi. Dawa hizo ziliyafuta mapigo ya ziada hata karatasi ya kipimo ikawa safi, na kila mmoja akaridhika. Ndipo wakafanya ulinganisho wa haki, wengine wakipewa dawa na wengine vidonge visivyo na kitu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 1991 ilionyesha kwamba kati ya watu 755 waliopewa dawa walikufa 63, na kati ya watu 743 waliopewa vidonge vitupu walikufa 26. Karatasi ilisema moyo umetulia, na wenye mioyo hiyo wakazikwa. Tangu hapo madaktari hawaziandiki dawa za aina hiyo kwa moyo ulioharibika, na amiodaroni ni miongoni mwa chache zilizobaki mkononi mwao.

Asili ya dawa hii ni mmea wa nchi za Nile uitwao khella, wa jamii moja na giligilani. Wamisri tangu zamani walichemsha mbegu zake wakanywa maji yake kwa maumivu ya mawe ya figo. Mwaka 1946, mjini Cairo, mtaalamu Mrusi aitwaye Gleb Anrep aligundua kwamba msaidizi mmoja wa maabara yake, aliyekuwa akitumia dawa ya mmea huo kwa maradhi mengine, alikuwa amepona na maumivu ya kifua. Wataalamu wa kampuni ya Labaz ya Ubelgiji wakaifuata njia hiyo, wakibadilisha hiki na kile katika kiini cha dawa, na mwaka 1961 wakaipata amiodaroni. Iliuzwa kwa maumivu ya kifua tu. Ni mwaka 1970 ndipo Bramah Singh na Vaughan Williams, huko Oxford, walipoonyesha kwamba inafanya jambo jingine: baada ya kila pigo chembe za moyo huhitaji kupumzika kabla ya kupokea cheche mpya, na dawa hii huurefusha mapumziko hayo, hivyo cheche zizungukazo ovyo hukuta mlango umefungwa. Katika miaka hiyo ya 1970 Mauricio Rosenbaum na wenzake wa Buenos Aires wakaitumia kwa wagonjwa wengi wa mapigo. Marekani iliiruhusu mwaka 1985, kwa mapigo ya hatari ya vyumba vya chini. Natamani wale waidharauo mitishamba, pamoja na wale waapao kwamba mti ukichemshwa umetosha, waisome safari hii yote bila kuruka kituo.

Mke wangu alianza kwa kidonge cha miligramu 200 mara tatu kwa siku juma la kwanza, mara mbili juma la pili, kisha kimoja kila siku. Watoto walishangaa. Dawa inayosemwa ni kali, mbona inaanza kwa wingi? Sababu ni kwamba amiodaroni haipendi kukaa katika damu, hupenda mafuta. Huingia katika mafuta ya mwili, katika ini, mapafu, ngozi na hata macho, na mpaka maghala hayo yaanze kujaa, moyo haupati sehemu yake kwa utulivu. Kutoka nako ni hivyo hivyo. Nusu ya iliyomo mwilini huchukua siku kama 50 kwa wastani kuondoka, na kwa watu wengine hata siku 100. Daktari alitusisitizia jambo hilo mara mbili, lakini wakati ule halikutuingia. Tulilokuwa tukilitazama ni kwamba mwezi wa pili kuku alitulia katika tenga, na ngazi za barazani zikapandika.

Karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi ni ndefu kama barua ya mirathi. Binti yetu aliisoma yote kwa sauti, na alipofika mwisho akataka mama aache dawa usiku ule ule. Wako wasemao kwamba karatasi hizo zisisomwe na wagonjwa kwa kuwa hutia hofu. Mimi sikubaliani nao. Hofu hutoka kwenye kusoma nusu. Tuliporudi nayo kwa daktari alichukua kalamu akapiga mstari chini ya mambo machache, nasi tukaibandika ukutani karibu na kalenda. Jua: ngozi ya mtumiaji huungua upesi, na kwa matumizi ya miaka mingi yaweza kugeuka rangi ya kijivu cha samawati, hivyo mke wangu akawa haendi Kariakoo kununua vitambaa bila mwavuli na mikono mirefu. Macho: karibu kila mtumiaji huwekewa vijipunje vidogo juu ya mboni, na usiku taa za magari huonekana zimezungukwa na duara, jambo ambalo mara nyingi halina madhara, lakini uoni ukififia ni lazima kusema mara moja. Balungi: maji yake huiongeza dawa mwilini, basi tukaliacha.

Mistari miwili ilipigwa kwa nguvu zaidi. Wa kwanza ni kikohozi kikavu pamoja na kuishiwa pumzi, maana dawa hii yaweza kuyaumiza mapafu kwa wachache, na ajabu ya mji wetu ni kwamba kila kikohozi huitwa mafua ya vumbi. Wa pili ni dawa nyingine. Wafarini huongezewa nguvu na amiodaroni, kwa hiyo kipimo chake kilipunguzwa; na anayetumia digoksini naye kwa kawaida hupunguziwa kwa nusu. Kwinini, dawa mseto ya malaria, na baadhi ya antibiotiki zaweza kuyavuruga mapigo zikikutana nayo. Hii haina maana kwamba mwenye malaria aachwe bila tiba, bali kwamba neno la kwanza la mgonjwa kwa kila mganga, hata wa duka la dawa la pembeni, liwe: natumia amiodaroni. Mke wangu aliandikiwa jina hilo kwenye kipande cha kadi, akakitia ndani ya pochi pamoja na futi yake ya kupimia nguo.

Tulikaa hivyo kwa amani hadi Januari 2024. Mwezi huo, kama ajuavyo kila mzazi, ni wa sare. Mke wangu akaanza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano, kwa kuwa vidole vilikuwa vikitetemeka. Mara ya kwanza alilaumu taa. Kisha magauni yakamlegea, ingawa alikuwa akila vizuri kuliko sisi sote. Alilowa jasho usiku chini ya feni, hakupata usingizi, alikuwa mkali kwa wajukuu kwa mambo madogo. Mtaani, mtu akikonda, watu hawaulizi, huhesabu. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa, wakisema watoto wamehama shule. Naye alijua walichokuwa wakikisema njiani, na kilimwuma kuliko ugonjwa. Mwezi wa Februari kuku akarudi tengani.

Usiku mmoja aliniambia, “Baba, dawa hii imenishinda. Naiacha leo.”

Nikamwambia tumwendee kwanza aliyeitoa.

“Aliyeitoa hashoni,” akajibu. “Mimi nimeitoboa kola ya mtoto wa watu mara tatu leo.”

Sikuwa na jibu la maana. Lakini tarehe ya kipimo cha miezi sita ilikuwa karibu, imezungushiwa duara kwenye kalenda, na kwa heshima ya duara hilo, si kwa heshima yangu, alikubali kungoja siku nne.

Kipimo cha damu kilieleza yote. Tezi la shingo, lile lenye umbo la kipepeo mbele ya koo ambalo huongoza kasi ya kazi za mwili mzima, lilikuwa likifanya kazi kupita kiasi. Na chanzo kilikuwa ndani ya kidonge chenyewe. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa amiodaroni ni iodini, ile ambayo kwenye paketi za chumvi tunaiita madini joto. Kidonge kimoja cha miligramu 200 kina iodini miligramu 75 hivi, na katika hizo kama miligramu 6 hufunguka mwilini kila siku. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Maana yake ni kwamba kila asubuhi, pamoja na chai, mke wangu alikuwa akipokea mahitaji ya siku arobaini.

Daktari alipomwuliza alikozaliwa, nikaona uso wake umebadilika. Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini watakumbuka marovu. Udongo wa milimani umeoshwa na mvua tangu zamani, iodini ni haba ndani yake na ndani ya vyakula vioteavyo humo, na tezi lililonyimwa huvimba kwa kujitahidi. Miaka ya 1980 vilikuwa vikigawiwa vidonge vya mafuta ya iodini katika sehemu hizo, na miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi itiwe madini joto. Mke wangu alikwisha kuwa mtu mzima wakati huo. Rovu lake la utotoni lilipungua asilionyeshe mtu tena. Wala yeye hakuliona kuwa ni ugonjwa, kwa sababu nyumbani kwao lilikuwa shingoni mwa mama yake na mama zake wadogo wote. Tezi la namna hiyo, lililokulia katika njaa, likimwagiwa iodini kwa wingi huweza kuasi na kutengeneza homoni bila kipimo. Katika mahali ambapo watu wamekuwa na iodini ya kutosha maisha yao yote, amiodaroni aghalabu hufanya kinyume: tezi huzubaa, mtu akawa mzito, mwenye kusikia baridi na kusinzia, na wa nyumbani wakasema ni uzee. Hilo nalo hujulikana kwa kipimo kile kile kimoja.

Daktari aliamua amiodaroni isimamishwe, akaandika kabimazoli ya kulituliza tezi na bisoprololi ya kuushika moyo usiende mbio. Mke wangu alifurahi sana, akadhani Ijumaa atakuwa mzima. Hapo ndipo tulipoelewa zile siku 50. Dawa iliachwa mwezi wa Machi, lakini maghala yalikuwa yamejaa, na mwezi wa Juni bado ilikuwa ikitoka kidogo kidogo pamoja na iodini yake. Wafarini nayo ilitupeleka na kuturudisha: wakati tezi lilipokuwa juu fizi zilitoka damu kwa kupiga mswaki tu, kipimo kikapunguzwa, tezi liliposhuka na amiodaroni ilipokuwa ikipungua, damu ikaanza kuwa nzito kupita ilivyotakiwa, kipimo kikaongezwa. Mwanangu wa kiume, ambaye hapo awali hakuwahi kushika hata bomba la dawa ya kikohozi, ndiye aliyechukua daftari la hesabu za shule akachora safu: tarehe, uzito, mapigo, kipimo cha damu. Kila jioni alimshika mama yake mkono dakika nzima. Naona lile daftari lilimfaa daktari kuliko maelezo yangu yote, kwa kuwa mimi hueleza sana.

Mikono ilitulia kabla ya mwezi wa Agosti. Sindano ya kwanza aliyoitunga bila kusaidiwa aliitunga bila kutuambia, tukaona tu kwamba hamwiti mjukuu tena. Wateja wawili walirudi. Mmoja alidaiwa fedha za mkono, mwingine hakuulizwa kitu. Sikupata kujua kwa nini aliwatofautisha. Moyo wake haukurudi kuwa wa kijana: siku nyingine hufuatana na siku nyingine haufuatani, lakini hauendi mbio, na wafarini anaendelea nayo bila kukosa. Tezi liliendelea kupimwa hata baada ya vidonge kuachwa, kama tulivyoagizwa.

Kabatini zilibaki karatasi kadhaa za amiodaroni, mpya, hazijabanduliwa. Jirani yetu, yule yule wa mambo ya Makete, alikuja jioni moja, akaketi kwenye mkeka, akazunguka kwa maneno mengi, mwishowe akasema naye moyo unamdunda siku hizi, tena amesikia kwamba dada anazo dawa ambazo hazitumii. Akopeshwe hata tano ajaribu.

Mke wangu aliweka chini nguo aliyokuwa akiipinda. Akamshika kifundo cha mkono, akaitazama saa ya ukutani, nasi sote tukanyamaza.

“Yanafuatana,” akasema. “Ila yanakwenda mbio. Vidonge sikupi, dada yangu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakupitia, twende wote.”

Wakaenda. Jirani alikutwa na upungufu mkubwa wa damu, akapewa tiba yake, na moyo ulipata utulivu bila dawa yoyote ya mapigo. Vile vidonge vyetu mke wangu alikuwa amevichukua katika pochi. Alivikabidhi siku hiyo hiyo penye dirisha la dawa, mhudumu akavihesabu mbele yake, vikawa 46.